Usaha ukikauka usidhani umepona

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vijana wenzangu na kina baba wa huku Mwanza, maana hili jambo la kujitibu magonjwa ya zinaa naliona dukani mara kwa mara na linaniuma kweli. Mimi nauza duka la dawa muhimu. Mtu anakuja jioni, anasubiri wateja wengine waondoke, halafu kwa sauti ya chini anasema nipe dawa ya UTI. Ukimuuliza unajisikiaje anasema mkojo unachoma, ukimbana kidogo ndo anasema na usaha unatoka. Kaka yangu, hiyo mara nyingi ni gono, yaani kisonono, au klamidia au zote mbili kwa pamoja, na zinatibika kabisa, ila sio kwa vidonge vinne vya sipro vya kununua rejareja. Kisonono kilishaizoea sipro siku nyingi. Utapata nafuu kidogo, usaha utapungua, utasema nimepona, kumbe ugonjwa bado unao na unaendelea kuusambaza.

Kwa mwanaume gono huwa haijifichi sana, siku 2 mpaka 7 ushaanza kuchomwa. Kwa mwanamke ndo balaa lilipo, wengi hawasikii chochote, na anayesikia anaona uchafu umebadilika rangi au harufu, au anaumwa chini ya kitovu anadhani ni tumbo la hedhi. Miezi inapita, mirija ya uzazi inaziba, mimba inatunga nje ya mfuko wa uzazi au haiingii kabisa, halafu ukweni wanaanza maneno kwamba huyu hazai, wakati ugonjwa uliletwa na mtoto wao wa kiume ambaye alikuja kwangu kununua vidonge akanyamaza. Hili naliongea kwa uchungu.

Kaswende nayo inadanganya kuliko zote. Inaanza na kidonda, mara nyingi kimoja, kigumu pembeni, hakiumi, kama wiki 3 hivi baada ya kulala na mtu mwenye nayo. Kwa sababu hakiumi mtu anakipuuza au anapaka majani, baada ya wiki chache kinakauka, basi anayasifia yale majani kijiji kizima. Majani hayajafanya kitu, kile kidonda kingekauka chenyewe tu maana mdudu ameshaingia kwenye damu. Baadaye vinaweza kutoka vipele mwilini mpaka viganjani na kwenye nyayo, wala haviwashi sana, navyo vinapotea. Halafu kimya, hata miaka kumi na zaidi, mtu analima, anaoa, anazaa, kumbe wengine huku ndani inakula moyo na mishipa mikubwa ya damu na ubongo. Mjamzito akiwa nayo bila kutibiwa mtoto anaweza kufia tumboni au akazaliwa nayo, ndo maana kliniki wanampima mama mapema na wanataka na baba aje. Na dawa yake ikiwahiwa mwanzoni ni penisilini ya siku moja tu, ya kuchomwa kituoni! Watu wanapata ulemavu kwa ugonjwa wa sindano ya siku moja.

Tena sisi wa Mwanza tulitakiwa tuwe wa kwanza kulijua hili. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti kwenye jamii 12 za vijijini mkoani kwetu, sita wakaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati, watumishi wakapewa mafunzo, dawa zikawepo, sita nyingine zikasubiri. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU kwenye zile zilizoboreshewa yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Tafiti za baadaye Uganda, ambazo zilitumia njia tofauti, hazikupata punguzo hilo, lakini kwamba kidonda sehemu za siri kinairahisishia VVU kuingia, hilo halina ubishi.

Najua kwa nini watu wanakimbilia kwetu. Kuna zahanati ukifika nesi anakuuliza unaumwa nini mbele ya foleni nzima, na ukisema tu sehemu za siri watu wote wanageuka. Nawaomba sana dada zangu na kaka zangu wa afya, muiteni mtu pembeni, mfungieni mlango, na akija mke wa mtu msimwangalie kama malaya, huenda kaambukizwa na mumewe ndani ya nyumba yake.

Wauza dawa wenzangu, tuache kuuza nusu dozi kwa sababu mteja ana elfu mbili tu. Anayekuja na usaha, kidonda, mtoki au mkojo unaochoma, tumwelekeze kituo cha afya akapimwe kabla hajameza chochote. Na wewe unayesoma hapa na dalili unazo, nenda kesho asubuhi, umalize dozi hata kama maumivu yameisha siku ya pili, mwambie mwenzako atibiwe na yeye, na msikutane kimwili mpaka wote wawili mmalize matibabu na daktari aseme sawa, la sivyo mtakuwa mnarudishiana tu kila mwezi.

Muuza duka la dawa,
Mwanza