Risala ya wachoma nyama wa stendi kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya usafi wa nyama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya; Bwana Afya; Daktari wa Mifugo; ndugu wafanyabiashara wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kuketi nasi hapa penye moshi. Umoja wetu una wanachama 34: wachoma mishikaki, wakaanga kuku na akina mama wa soseji na mayai. Leo tunafunga mafunzo ya siku tano.

Mheshimiwa, tulikwenda tukidhani tutaambiwa tuvae aproni na kofia, basi. Tukakuta habari nyingine: usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wenyewe wataalamu wanauita UVIDA. Kilichotutuliza kidogo ni kwamba bakteria aliye sugu kwa dawa si sugu kwa moto. Nyama ikiiva mpaka ndani, anakufa kama wenzake. Kasheshe inaanza ikishaiva.

Hapo tunakiri kosa. Saa kumi jioni tulikuwa tunakatia kuku mbichi juu ya gogo la mwembe, na saa moja usiku tunakatia juu ya gogo lilelile nyama ya mteja iliyotoka jikoni. Siku ya pili mwalimu alichokonoa ufa mmoja wa gogo kwa ncha ya kisu, ukatoka utelezi mweusi unaonuka. Hakuna aliyecheka. Mkono nao ni uleule: unapokea noti, unageuza mshikaki, unakamua limao. Mwenye jipu kidoleni ndiye wa kuogopwa zaidi, maana bakteria wa majipu, stafilokokasi, akishaacha sumu yake kwenye nyama, hata ukiirudisha motoni sumu haiondoki.

Lakini si haki mzigo wote tutwishwe sisi tulio mwisho wa safari. Mwenzetu mmoja anayefuga kuku wa kisasa alisimama akasema amekuwa akiwatilia oksitetrasaiklini, antibayotiki yaani dawa ya kuua bakteria, kwenye maji tangu wakiwa vifaranga, wazima wa afya, mpaka asubuhi ya kuchinjwa. Dukani aliinunua kama anavyonunua chumvi. Kumbe kwa mtindo huo bakteria dhaifu wanakufa, sugu anabakia na banda zima la kuzaliana. Tena ana kipande cha chembeurithi, plazimidi, anachoweza kumgawia bakteria wa aina nyingine kabisa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 1, 2006.

Tulielezwa pia ya Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018. Poloni, nyama ya kiwandani inayoliwa bila kupikwa tena, ilibeba bakteria aitwaye listeria. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walithibitishwa, zaidi ya 200 wakafariki, na watoto wachanga walikuwa wengi miongoni mwa wagonjwa. Listeria anazaana hata ndani ya friji, na kwa maumbile yake hatishwi na seftriaksoni, sindano ya antibayotiki tunayoijua sote tuliowahi kuuguza. Akina mama wa soseji walitazamana. Friji ndiyo waliyokuwa wakiitegemea.

Mheshimiwa, hatukusubiri cheti. Magogo 11 tumeyatia moto, na mbuzi utakayemla leo ameivia juu ya makaa yake. Kila meza sasa ina mbao mbili: yenye mpini mwekundu ni ya mbichi, mweupe ni ya iliyoiva. Anayeshika fedha hashiki nyama, ingawa hilo linamsumbua anayefanya kazi peke yake, na hatujalipatia dawa.

Maombi yetu ni haya. Bomba la karibu liko ng'ambo ya barabara. Tunanawa kwa ndoo moja watu sita, na ikifika saa mbili usiku maji hayo hayatamaniki. Tunaomba bomba lifike upande huu. Pili, Daktari wa Mifugo apite kwenye mabanda yanayotuletea kuku, awafundishe wafugaji kuhesabu siku za kusubiri kati ya dawa na kisu, na maduka ya pembejeo yaache kuuza antibayotiki bila cheti cha mtaalamu. Tatu, sampuli za nyama yetu zipelekwe maabara, na majibu tusomewe sisi kwanza, hata kama ni machungu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.