Asidi inakula sakafu, na mapafu

Mhariri,

Mimi ni fundi vigae hapa Tabata. Kazi ninazoitiwa sana ni kurudishia simenti ya maungio iliyolika bafuni, na mara nyingi mkosaji yupo palepale kwenye kona: chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa asidi, haina lebo, mtoto anaifikia.

Asidi inang'arisha kweli, ila kwa kuila simenti. Pitisha ukucha kwenye maungio, unatoka na unga; maji yanapenya, vigae vinabanduka. Kibaya zaidi, wapo wanaomwaga jiki juu yake ili choo king'ae upesi. Hapo inatoka gesi ya klorini. Dada wa kazi anatoka bafuni anakohoa, macho mekundu, bosi anasema ni mafua!

Badala ya asidi, bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi, ilowekwe kidogo, usugue kwa mswaki wa zamani, usuuze, ukaushe. Ukungu ukigoma, tumia jiki peke yake, yenye maji mengi, dirisha wazi, glavu mkononi.

Na wanaotuuzia asidi mitaani walazimishwe kuandika kilichomo kwenye chupa.

Fundi vigae,
Tabata, Dar es Salaam