Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Soko la dunia lina wenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Newala, mkoani Mtwara. Jina lako nimeliacha makusudi. Mawaziri mnakuja na kuondoka, ahadi ya kukomesha kuuza korosho ghafi nje inabaki ileile, na huenda barua hii ikamkuta mwingine kwenye kiti. Atakayekuwepo aisome.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho. Barua za kawaida nimeshaandika, zikapokelewa, zikapigwa mhuri, na huko ndiko zilikoishia. Kilichonifanya niseme hadharani ni mnada wa wiki iliyopita. Bei iliposomwa watu waliguna. Ilikuwa chini kuliko ya mnada uliotangulia, na ule nao ulikuwa umeshashuka. Tukakataa kuuza. Ndipo akasimama mtumishi mmoja kutoka kwenu, kijana mwenye adabu zake, akatuambia tusimtafute wa kumlaumu: bei inapangwa na soko la dunia, hata Mheshimiwa Waziri hana la kufanya, sisi tuongeze ubora na uzalishaji. Jioni ileile tuliuza. Aliyepulizia mikorosho yake kwa salfa, dawa ya ukungu, ya mkopo hana ubavu wa kususa mara mbili.

Siku hizohizo kiwanda kidogo cha kubangua alichokuwa akifanya kazi binti yangu kiliwarudisha wanawake nyumbani. Sababu waliyopewa ni kwamba hakuna korosho. Mheshimiwa, kiwanda cha korosho, Newala, katikati ya msimu, kimekosa korosho, huku malori yakishuka usiku na mchana kwenda bandari ya Mtwara. Nijuavyo mimi, mwenye kiwanda alizidiwa bei mnadani. Yeye anakopa benki za hapa kwa riba za hapa. Anayesafirisha korosho ghafi nadhani anatumia fedha ya mnunuzi wake wa ng'ambo, yenye riba nafuu, na hana mshahara wa wabanguaji wa kulipa. Hapo mshindi anajulikana kabla zabuni hazijafunguliwa.

Binti yangu huyo amebangua kwa miaka mingi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Wanawake hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo mikononi, na bado ncha za vidole hubabuka, hupona, hubabuka tena. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine haikusoma alama za vidole vyake. Kijana wa pale alimfutia kidole kwa kitambaa, akajaribu kingine, na kingine, mwisho akamwambia, "Dada, wewe huna vidole." Sasa hata hiyo kazi ya kumaliza vidole haipo.

Kauli ya "soko la dunia" imeniuma kuliko bei yenyewe. Inasemwa kama mtu anavyosema mvua, na mvua haina mwenyewe. Soko la dunia lina wenyewe, na wapo wasomi waliotumia maisha yao kueleza ni akina nani na wanafanyaje. Najua wewe ni msomi, Mheshimiwa, na kule kwenye semina za hotelini hamkosi wataalamu. Lakini naona mmesomeshwa upande mmoja, basi mniruhusu mimi mwalimu wa shule nikumbushe ule wa pili.

Upande mliosomeshwa unaanzia kwa mchumi Mwingereza David Ricardo, mwaka 1817. Ureno itengeneze mvinyo, Uingereza itengeneze nguo, wabadilishane, wote watafaidika. Hesabu yake haina kosa. Ila haisemi yanayompata aliyebaki na mvinyo baada ya miaka mia, wakati mwenzake aliyeanza na nguo ameshafika kwenye mashine, reli na benki.

Mwaka 1950 wachumi wawili, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer aliyekuwa Umoja wa Mataifa, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kwa muda mrefu bei za mazao ghafi hupungua nguvu mbele ya bei za bidhaa za viwandani. Maelezo yao yananihusu mimi moja kwa moja. Kiwanda cha Ulaya kikipata mashine bora, faida inabaki kulekule, kwa tajiri na kwa wafanyakazi wenye vyama vya kuwapigania mishahara. Mkulima wa Newala akipata mbegu bora na salfa akavuna mara mbili, korosho zinajaa sokoni, bei inaporomoka, na anayefaidi ni mlaji wa mbali asiyemjua. Kwa hiyo kijana wako anapotuambia tuongeze uzalishaji na kuishia hapo, anatuagiza tuharakishe hichohicho kinachotuangusha.

Mwalimu Nyerere hakuhitaji majedwali kulisema hili. Alieleza kwamba mwaka 1965 trekta moja lilinunuliwa kwa tani 17 na robo za mkonge, na mwaka 1972 trekta la aina ileile likataka tani 42. Wakulima wa mkonge hawakuwa wamegeuka wavivu ndani ya miaka saba.

Mimi nilifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1970. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha pale, alikuwa ameshaondoka, kitabu chake cha mwaka 1972 cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilikuwa kimechapishwa London na hapa Dar es Salaam, na ubishi alioacha ulikuwa bado unachemka madarasani na vibarazani. Yeye alisema umaskini wetu haukuwa hali ya kuchelewa, kwamba wao wametangulia na sisi tunafuata njia ileile. Utajiri wa kule na ufukara wa huku vimetengenezwa pamoja, kwa shughuli moja. Arghiri Emmanuel, mchumi Mgiriki aliyewahi kuishi Kongo, alikwenda mbali zaidi mwaka 1969: hata bila wizi wala mjeledi, mishahara ya nchi mbili ikipishana mno, biashara yenyewe inahamisha kazi ya maskini kwenda kwa tajiri. Siku ya kazi ya mwanamke wa Newala inabadilishwa na dakika chache za mtu wa Rotterdam, na risiti inatolewa, na kila kitu ni halali. Mchumi Samir Amin wa Misri ameyaandika hayo mpaka alipofariki mwaka 2018.

Utaniambia nadharia hizi ni za kizamani. Kweli hazikueleza kila kitu. Waliosema nchi ya pembezoni, yaani maskini inayouza ghafi, haiwezi kuinuka bila kujitenga na soko hilo, Korea Kusini imewasumbua sana. Lakini Korea haikuinuka kwa kuuza ghafi na kusubiri bei. Serikali yake ililinda viwanda, ikavipa mikopo nafuu, ikavidai matokeo. Tuseme basi kwamba walioonyesha ugonjwa walikuwa sahihi kuliko walioandika dawa.

Sasa nenda kwenye korosho. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja ya korosho nyeupe, yaani iliyobanguliwa. Tangu enzi za mkoloni korosho za Afrika Mashariki zilipelekwa Kollam, jimbo la Kerala nchini India, zikabanguliwa na wanawake wa kule, kisha zikaenda Marekani na Ulaya. Mpaka leo daraja la ubora wa korosho nyeupe linasomwa, kwa mfano, W320, yaani punje hadi 320 kwa ratili, kipimo ambacho sisi wenye mikorosho hatupimii kitu. Halafu ikaja Vietnam. Nao walikuwa wakiuza ghafi India kama sisi. Wakaamua kubangua, wakajenga viwanda, mashine wakaziunda wenyewe mpaka wakaanza kuziuza nje. Leo ndio vinara wa dunia wa kuuza korosho iliyobanguliwa, na sehemu kubwa ya ghafi yao inatoka Kambodia na Afrika. Hiyo faida ya asili anayoisema Ricardo waliitoa wapi? Waliitengeneza kwa uamuzi wa serikali. Serikali, Mheshimiwa. Kile kitu ambacho hapa kijana wako alisema hakina la kufanya.

Najua na jibu la pili, kwamba ghafi ikibanwa mkulima ataumia bei. Hofu hiyo ninayo mimi kabla yako, maana korosho ni zangu. Lakini sisi tunaishi na jirani aliyejaribiwa. Ukisimama Shimo la Mungu hapa Newala unaliona bonde la Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliwashinikiza wapunguze ushuru wa ghafi inayouzwa nje, kwa hoja hiyohiyo ya kumpa mkulima bei. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakaenda nyumbani. Baadaye wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipiga hesabu wakakuta kaya ya wastani ya wakulima wa korosho huenda haikuongeza zaidi ya dola 5.30 kwa mwaka. Faida nyingine iliishia kwa wafanyabiashara na ng'ambo. Mwaka 1999 Msumbiji wakapandisha ushuru upya, hadi kati ya asilimia 18 na 22. Kenya nao mwaka 2009 walipiga marufuku kabisa kusafirisha korosho ghafi, ingawa Kilifi watakuambia marufuku bila mikorosho mipya na bila mtaji haikuwarudishia kiwanda chao.

Sitaki kuwatupia wageni kila kitu. Miaka ile ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 tulijengewa viwanda vikubwa vya kubangua, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vya mashine za Kiitaliano na za Kijapani: Mtama, Nachingwea, Masasi, hapa Newala, hadi Kibaha. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ya kumcheka, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia mashambani. Nchi iliyovuna karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikawa tayari, korosho hakuna. Tukadaiwa mikopo yake hivyohivyo. Vilipobinafsishwa, vingine vikageuzwa maghala, na humo hulazwa korosho ghafi zinazosubiri meli. Sasa korosho zimerudi, tena nyingi kuliko zile, na safari hii viwanda vile vikubwa hakuna. Wewe ungelikuwa mimi ungecheka au ungefanyaje?

Mwaka 2018 wanunuzi walipoleta bei ya dharau, Rais Magufuli aliikataa, akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba magunia. Malipo yalichelewa na watu waliteseka kusubiri, hilo sitalificha. Nalikumbusha kwa sababu moja tu: siku ile hakuna aliyesema soko la dunia haligusiki.

Na ushuru wa korosho ghafi upo. Asilimia 15 ya thamani bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Uliwekwa ili kubangua kulipe. Mwaka huohuo wa 2018 sheria ilibadilishwa fedha ile iende mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa Kusini wakapiga kelele bungeni mpaka wakachoka. Nauliza tu kwa heshima: kati ya fedha hiyo yote, ni kiwanda gani cha kubangua nikuonyeshe hapa Newala nikuambie ndiyo hii?

Uliahidi, Mheshimiwa. Ulikuwa jukwaani, umevaa kofia yetu ya ukindu, ukasema mwisho wa ghafi umefika. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kwa mikono miwili.

Nilikusudia kuomba mengi: bei ya salfa, riba, mbegu, barabara ya kwenda ghala kuu. Nayaacha. Naomba moja. Kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao, tenga korosho za viwanda vya ndani. Wapimiwe kiasi wanachoweza kubangua, wauziwe kwa wastani wa bei ya minada ya msimu huo ili mkulima asipunjwe hata shilingi, na mtaji wao utoke kwenye ushuru huohuo wa ghafi, kwa riba wanayoweza kuilipa. Asiyebangua anyang'anywe mgawo. Hilo halihitaji mfadhili wala semina.

Tenga korosho, Mheshimiwa. Wanawake wa kubangua wapo, wamekaa nyumbani. Korosho zipo, zinapita mlangoni kwao kwenye malori. Tenga korosho.

Na kama haiwezekani, usimtume tena kijana wa watu aje kutusomea habari za soko la dunia. Njoo mwenyewe uwanjani, ushike kipaza sauti, ututajie kwa jina ni nani anayekukataza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala