Kabla hamjachomeka mche: barua kwa vijana wa mikoko

Assalaam alaykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi wa vikundi vya kupanda mikoko, kuanzia Kiunga hadi Vanga. Mimi ni mkata boriti wa Lamu. Nimeacha kazi kwa kuwa magoti yamelikataa tope. Msitu wenyewe bado naupenda. Naziona picha zenu mmejipanga ufukweni, miche mikononi, na chini pameandikwa idadi yake kwa maelfu. Nafurahi. Kisha natazama mahali mlipopanda, na roho inaniuma.

Inaniuma kwa sababu nasi tulipanda hivyo hivyo. Tulipelekwa mahali palipo wazi, panapopigwa na mawimbi ya upepo wa kusi, tukachomeka mbegu za mkoko siku nzima. Bamvua ya pili, yaani maji makuu ya bahari yaliporudi, nyingi zilikwisha lala. Zilizosimama ziligandwa na magamba ya bahari hadi zikainama kwa uzito. Hakuna kati yetu aliyeuliza: ikiwa hapa pangefaa, mbona mkoko haukuota wenyewe miaka yote hii?

Hilo ndilo swali ninalowaomba mwanze nalo. Kila mti wa msitu wa mikoko una maji yake. Mlilana husimama mbele, ukitazama bahari. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Ndani zaidi utakuta muia, ambao wengine huuita msinzi, na mkandaa. Juu kabisa, ambako maji hufika siku za bamvua tu, mchu ndio unaovumilia. Ushike jani lake asubuhi uone chembe za chumvi zilizotoka. Ukiupeleka mkoko kwenye ardhi ya mchu, umeupeleka kufa.

Na mkoko hauhitaji sana mikono yetu. Mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti cha kijani, na ikikomaa shingo yake hugeuka manjano. Ikianguka maji yamekupwa hujichoma topeni chini ya mama yake; maji yakiwa yamejaa huelea, ikaenda kutafuta makao mbali. Kwa hiyo palipo na miti mama, na maji yanaingia na kutoka, msitu hurudi wenyewe. Pasiporudi, fuateni mkondo mjue umezibwa wapi. Mara nyingi ni barabara, au mchanga uliojaa. Siku moja ya kuzibua mkondo kwa majembe naithamini kuliko gunia zima la mbegu.

Msidhani nawaandikia kama mtu asiyekata. Mimi nimelea watoto kwa fito, pau, mazio na boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea ya kila unene. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za kwetu, kwa kuwa kule hakukuwa na miti ya kuezekea. Serikali ya Kenya ilifunga biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Ingieni nyumba yoyote ya mawe ya Lamu mtazame dari: vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mti ndio uliompimia fundi nyumba. Ila sisi tulifundishwa kuchagua, tukate huu tuache ule, na mti mama usiguswe. Anayefyeka eneo zima ndiye aliyetuletea marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018, tukakaa bila kazi wote, wema na wabaya.

Nendeni pia Gazi, kule Kwale. Miaka ya 1970 mikoko yao ilikatwa kwa kuni za viwandani, ukabaki uwanja mtupu. Tangu 1991 wataalamu wa utafiti wa bahari walipanda pamoja na wanakijiji, wakijaribu na kupima kila aina mahali pake. Mwaka 2013 kijiji kikaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa hekta 117, wakauza hewa ya ukaa, yaani wakalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na pesa zikaingia kwenye maji ya kunywa na shule. Nilipoelezwa sababu nilielewa mara moja: tope la mikoko halina hewa, hivyo majani na mizizi iliyozikwa humo haiozi upesi, na kaboni yake hubaki chini. Sisi tulilijua tope hilo kwa harufu yake tu, na kwa kaa na kamba waliokuwa wakitoka humo.

Basi naomba jambo moja. Bamvua ijayo msije na miche. Njooni mikono mitupu, maji yakianza kutoka, tutembee kutoka kwenye mchu hadi kwenye mlilana, nanyi mnioneshe mkondo ulikozibwa. Nitawangoja gatini asubuhi na fimbo yangu.

Mzee wenu,
Lamu