Shemeji aliniita "huyu" mbele ya watu, na sasa aja kuniomba radhi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia adhana ya alfajiri ishapita na sijalaza ubavu. Chuma cha kulehemu bado kina moto hapa mezani, na mashine yenyewe iko wazi mbele yangu, kava lake nimelilaza juu ya leso ya dada. Maneno ya Ijumaa hayanitoki. Shemeji alisimama mbele ya mamake, nduguze na wapwa zangu, akaninyooshea kidole, akasema, "Mikono ya huyu ndiyo iliyoua mashine yangu."

Huyu! Mtu aliyenijua kwa jina zaidi ya miaka 15. Nawe wazijua nyumba zetu za Majengo, neno la ukumbini jirani alisikia kabla hujalimaliza.

Mashine ni PlayStation 2, ile nyembamba yenye adapta ya nje. Mwaka 2008 ni mimi niliyemtilia chipu, tena barazani kwao, nyaya zaidi ya 20 nyembamba kama nywele, kila mmoja na nukta yake kwenye ubao. Ilinichukua siku mbili. Bila chipu mashine ile haisomi diski za kopi, na diski halisi wakati ule nani alikuwa na pesa zake? Akafungua kibanda, vijana wakapanga foleni kucheza mpira, shilingi 10 kwa mechi, na ukoo mzima wajua mahari ya dada yangu yalitoka mle. Sikumdai hata senti. Wala simsimangi. Nasema tu kwamba mikono iliyomfungulia kibanda ndiyo hii hii ya "huyu".

Hitilafu yenyewe ni hivi. Ukichomeka stima, taa nyekundu yawaka. Ukibonyeza, yageuka kijani mara moja, feni yataka kuzunguka, kisha giza. Nilipoitwa kutazama nilichoona kwanza ni adapta. Mashine ile yataka volti 8.5, imeandikwa wazi. Ya asili iliharibika, naye akenda Mwembe Tayari akanunua ya volti 12, ya kamera za ulinzi, akakata kichwa cha ile mbovu akaunga kwa selotepu. Volti 12, Shangazi! Nikamwambia pale pale kwamba ni yeye aliyeichoma kwa ubahili wake. Kwa sauti, ndiyo, na mamake alikuwapo. Lakini mimi nilisema habari ya adapta. Sikumwita mtu "huyu".

Jumamosi, mumewe akiwa kazini bandarini, dada akaniletea mashine ndani ya kikapu, kaifunika leso. Akaniambia, "Kakangu, itengeneze, kisha sema ni adapta, yaishe."

Jana baada ya Isha nikaifungua. Nilikuwa nimeazima adapta ya volti 8.5 kwa rafiki. Nikachomeka, nikabonyeza: kijani, giza. Vile vile. Fyuzi iliyo karibu na tundu la stima nikaipima kwa mita, nzima. Nikaitia mita kwenye mlio, ncha moja kwenye bati, ya pili kwenye njia ya volti 3.3 inayolisha chipu yangu. Ikalia bila kukatika. Hapo mkono ulianza kunitetemeka, kwa sababu mlio ule maana yake njia ile imegusana na bati, na pale haufai kuwapo.

Nikaufuata waya mwekundu kwa ncha ya bisibisi. Ulikuwa umebanwa na ukingo wa bati, karibu na tundu la skurubu. Plastiki imekatika kipande cha upana wa punje ya mchele, na shaba ndani imeota kutu ya kijani kwa hewa yetu hii ya chumvi. Ulikuwa ukigusa bati. Nikaukata, mita ikanyamaza.

Niliupitisha pale mimi. Nakumbuka hata saa yake, nilitaka kufunga kava kabla ya Magharibi, na njia ya kuzungukia pembeni ilikuwapo, ila ilitaka waya mrefu zaidi. Lakini umekaa miaka yote hiyo bila tatizo! Kazi ya fundi gani haichakai? Na volti 12 nazo si chakula cha mashine ile, hilo silirudishi nyuma.

Nikazing'oa nyaya zote, mmoja mmoja, nisibakishe wa kunisumbua. Nikachomeka. Taa ikawa kijani, ikabaki kijani. Diski yangu moja halisi, ya mbio za magari, ikasomeka. Nililia, Shangazi, mtu mzima mimi.

Sasa kopi zote za shemeji hazisomeki. Nikimrudishia hivi, nitakuwa "huyu" tena kabla chai haijapoa. Nikimtilia chipu upya na kuupitisha waya vizuri, itacheza, na hakuna atakayejua. Shida ni kwamba dada keshamwambia kwamba ni adapta. Amelainika. Ijumaa ijayo baada ya Alasiri aja na mamake, aniombe radhi. Niache mtu aniombe radhi kwa kosa langu, nami nimekaa natazama kikombe? Nikisema ukweli, dada ataonekana mwongo mbele ya mamamkwe wake, naye aliyabeba haya kwa ajili yangu.

Radhi yake siitaki. Nilichotaka ni anitaje kwa jina mbele ya wale wale waliosikia, basi. Ingawa nikiwa mkweli kwako, tangu dada anipe habari nimekuwa nikiyapanga maneno atakayosema, na katika maneno yale huinama kidogo.

Usiniambie ni mashine kuukuu ninunue nyingine. Wapwa zangu hawana shida ya mashine, nami pia sina. Nataka kujua nitaingiaje chumba kile nikiwa na haya niliyoyaona usiku huu. Nijibu upesi, nakuomba. Chipu iko hapa karibu na mita, na kava sijalifunga.

Msomaji wako, Mombasa