Barua kwa mwanangu anayebuni mapigano

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila mamako goti linamsumbua kidogo kwa ajili ya hizi ngazi. Dhumuni kubwa la barua hii ni kukujibu kuhusu hadithi yako. Ulitaka nikuandikie nisikupigie simu, kwa kuwa kwenye simu husema "nzuri, nzuri" kisha nikahamia bei ya samaki. Haya basi.

Nimeisoma yote. Visiwa vyako nimevipenda, na yule mfalme anayeogopa kuku amenichekesha mpaka mamako akaja kuuliza kulikoni. Lakini tuje kwenye vita. Una mataifa manne na kila taifa lina mtindo wake wa kupigana: Radi Saba, Tai Mwekundu, na hayo mengine. Majina yanatisha. Ila nikiyafunika majina kwa kidole, sijui tena nani ni nani. Watu wa mikoko wanaruka, watu wa mji wa mawe wanaruka, mabaharia wanaruka, na wote wanatua kwa goti moja huku upepo ukipeperusha joho. Umempa kila mmoja rangi yake, lakini ardhi umewapa moja, tambarare, kavu, pana kama uwanja wa mpira.

Mimi naona hivi: anza na pale mtu anapokanyaga, na kazi anayofanya mchana kutwa. Jina litakuja lenyewe.

Chukua mji wako wa mawe, ambao najua fika umeuiba hapa mtaani kwetu. Mkokoteni ukipita kwenye kichochoro, wewe hujibana mlangoni. Sasa mpe shujaa wako lile panga refu la urithi umwambie afyeke. Atakwaruza ukuta wa kulia, akirudisha atakwaruza wa kushoto, na mawe ya matumbawe yatamla makali yote kabla adui hajafika. Watu wa mji huo wangebeba kitu kifupi, jambia au sime, na pigo lao lingekuwa la kudunga. Wangepigana kwa viwiko na mabega. Wangejua kurudi nyuma bila kugeuza kichwa, wakipapasa kwa shavu la mguu ilipo baraza, maana baraza ndiyo inayomwangusha mgeni. Na kona! Anayetumia mkono wa kulia akifika kona inayokata kulia, ukuta unambana mkono wenye silaha. Hana budi atoe mwili mzima kwanza. Mtu wa mashoto hapo ni mfalme. Katika mji kama huo mtoto wa mashoto asingepigwa vidole chuoni, angetafutwa na walinzi wa lango tangu ana miaka saba. Hiyo peke yake ni hadithi nzima, na wewe umeipita ukikimbilia kuruka.

Mabaharia nao hawawezi kuruka, labda watake kutua majini. Umepanda mashua za Kilindini, unajua. Miguu pekupeku, imeachana, magoti yamelegea, mkono mmoja haubanduki kwenye kamba. Basi ni watu wa mkono mmoja, na hawana haraka, wanangoja wimbi. Sitaha ikiinuka chini ya adui na uzito wake kuhamia kisigino, hapo ndipo baharia anapiga, na pigo lenyewe si lazima liwe kubwa.

Watu wa mikoko uliwapatia kidogo ulipowatia matopeni, kisha ukasahau matope ukurasa uliofuata. Hapa kwetu wakati wa bamvua, maji kati ya kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita 3. Mahali ulipopigana asubuhi, adhuhuri pana samaki. Watu hao wangepanga vita kwa kuhesabu maji, wala wasingemfukuza mtu. Wangerudi nyuma tu, taratibu, mpaka adui azame magotini.

Wa mlimani sina la kusema. Mimi mtu wa pwani, mlima nauona kwenye kalenda.

Usidhani haya ni ya kubuni tu. Wahausa wa Nigeria wana mchezo wa ngumi uitwao dambe, ulioanzia kwa wachinjaji wao. Mkono mmoja hufungwa kitambaa na kamba mpaka ukawa mgumu, nao huitwa mkuki. Wa pili huachwa wazi kwa kukinga na kushika, huo ni ngao. Mkuki na ngao, na wote hawana kitu mkononi. Kwa wachunga ng'ombe wa kizulu utakuta fimbo mbili, moja ya kupiga na moja ya kukinga. Kazi ya mchana iliingia kwenye mchezo, wala hakuna aliyekaa chini kuitungia jina la radi.

Kirumbizi unaijua, umeiona harusini na ulipokwenda Lamu kwenye Maulidi. Zumari ikilia na ngoma zikishika, wawili huingia kati na bakora zao. Watazamaji wote hukodolea fimbo. Mchezaji hatazami fimbo, anatazama bega. Ncha ya bakora ina kasi kuliko jicho, lakini kabla haijatoka bega huinuka kidogo tu, na kanzu huvutika pale kwapani, mkunjo mmoja mdogo. Ukiuona mkunjo ule umeshachelewa kidogo, ila bado unaweza kukinga. Usipouona, utaulizwa nyumbani hilo nundu ni la nini. Babu yako, Mungu amrehemu, alinifundisha kukinga mpaka nikachoka ndipo akaniruhusu kupiga. Na hata kukinga kuna kukinga: ukiipokea fimbo vibaya, pigo huteleza kwenye bakora yako hadi vidoleni, na vidole vikishakufa ganzi huna silaha tena hata kama bado umeishika. Katika kurasa zako zote hakuna aliyeumia vidole. Wanakatwa vichwa tu.

Sasa mafunzo. Kijana wako anakula tunda la ajabu jioni, asubuhi anamshinda mwalimu. Ukitaka tunda, weka tunda, lakini basi kwa nini ulijenga chuo chenye madaraja tisa na lango la chuma? Kule Kerala, kusini mwa India, kuna sanaa ya kalaripayattu. Uwanja wake wa jadi huchimbwa chini ya usawa wa ardhi, wanafunzi wanashuka kuingia. Mwanzo ni mwili tu: kunyoosha viungo, kupiga mateke, kuinama kama wanyama, na kusingwa mafuta, mwalimu akiwa ameshikilia kamba juu na kukusinga kwa nyayo zake. Kisha hupewa silaha za mti. Kisha za chuma. Kupigana mikono mitupu huja mwisho kabisa. Sisi tungedhani mikono mitupu ni ya wanaoanza. Wao wanasema aliyekwisha kujua mkuki na upanga ndiye anayejua mtu asiye na kitu akae wapi asife. Chuo chako kikiwa na mpangilio ambao msomaji hakuutarajia, na ukawa na sababu, atakiamini hata ukimwambia kinaelea mawinguni.

Mengine kwa ufupi. Upanga wa mkono mmoja uliotumika vitani kwa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo 1 hivi, kwa hiyo hilo panga lako linalobebwa na watu wawili limpe jitu au lipunguze. Watu wakipigana hukata pumzi upesi mno, hawatoi hotuba. Na ule mji uliozingirwa siku sitini, mbona hakuna aliyeona kiu? Ngome ya Wareno uliyokuwa ukipanda mizinga yake utotoni, ambayo ilianza kujengwa 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani humo njaa na maradhi viliua kuliko panga. Uliza jikoni kwa mji wako pana nini kabla hujauliza ghalani pana mikuki mingapi.

Uchawi wa moto sikukatazi, ni wako. Ila yule mchawi naye ana miguu. Niambie amesimama wapi.

Na jambo ambalo nilikuwa nalingojea niliseme. Sura ya pili kuna bibi anauza chumvi sokoni. Askari anamzuia, anamshika mkono, na bibi anamwachia gunia zima kwenye unyayo, kisha anamsukuma kifuani kwa kiganja. Mguu umebanwa, mwili umekwenda, jamaa chini. Mistari minne! Hakuruka, hana joho, hujampa hata jina. Nilisimama nikajaribu na mamako jikoni kwa mfuko wa unga (polepole, usiogope, goti halikuhusika), na kitu kile kinafanya kazi. Naomba umrudishe. Awe na wanafunzi, wachukuzi na wauza samaki, na wale mabwana wa Tai Mwekundu wakutane naye siku ya soko.

Achari ya maembe nimempa binamu yako, anapanda basi Ijumaa usiku. Ukishaandika sura ya tano nitumie, hata kama haijakamilika.

Wasalaam,
Babako