Barua ya wazi kwa Kiongozi wa Baraza: msituachie ukumbi mkaenda zenu

Mheshimiwa Kiongozi wa Baraza,

Barua hii imeshafika ofisini kwako barazani, yaani kwenye halmashauri yetu, kwa Kiingereza. Hapa naiweka kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwangu, ili ndugu zangu Waswahili waliotawanyika Scotland, wengi wao wauguzi na wahudumu wa wazee kama mimi, wajue kinachotaka kutokea katika miji midogo tunayoishi.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, Tanzania. Huu ni mwaka wangu wa nne katika mji wetu wa pwani ya mashariki. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwatengenezea chai na kukaa nao dakika chache ambazo ratiba inaruhusu. Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko, na kila Jumatano nipo jikoni kwenye ukumbi wa mji, kwenye chakula cha mchana cha wazee.

Mwezi uliopita vikundi vyote vinavyotumia ukumbi vilipata barua kutoka idara yako. Inasema ifikapo mwisho wa Machi nafasi ya mtunza ukumbi itafutwa, na kwamba sisi tunakaribishwa kuuchukua ukumbi tuuendeshe wenyewe. Tusipouchukua, utafungwa. Barua inatusifu sana. Inasema watu wa kujitolea wa mji huu wana moyo na uwezo mkubwa. Moyo tunao, Mheshimiwa. Ninachokuomba uangalie ni uwezo.

Jumatano huanza hivi. Saa tatu na nusu asubuhi mtunza ukumbi anafungua mlango wa mbele, ambao umevimba kwa unyevu na haufunguki bila kusukumwa kwa bega. Anawasha mitambo ya joto, maana jengo lile la mawe lina baridi ya kaburi. Anaweka ndoo yake upande wa kulia wa jukwaa, pale paa linapovuja. Sisi tunaingia saa nne: wanawake watano na mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye kazi yake ni viazi, na hataki mtu amguse viazi vyake. Supu ya dengu kwanza, kisha nyama ya kusaga na viazi vya kuponda, kisha keki na chai. Saa sita na nusu wazee wamekaa, na kila anayeingia anawekewa alama kwenye daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza.

Februari mwaka jana bibi mmoja wa miaka 86 hakutokea, wala hakupiga simu. Aliyeshtuka ni yule mzee wa viazi, kwa sababu bibi huyo hapendi viazi vilivyopondwa, na yeye humtengea vitatu vizima pembeni ya sufuria. Sahani ilikaa kwenye dirisha la jiko mpaka mvuke ukaisha. Tukatoka wawili na makoti juu ya aproni. Jirani yake alikuwa na ufunguo. Tulimkuta sakafuni jikoni kwake, nyonga imevunjika, yupo pale tangu usiku, mikono ya baridi kama samaki wa barafu, lakini anaongea. Mpaka leo yupo. Anakuja kwa fremu ya magurudumu, na viazi vyake ni vitatu, vizima.

Katika hesabu zenu siku ile imeandikwa kama kukodisha ukumbi kwa muda wa saa nne. Sina ugomvi na hesabu. Kila nyumba ina bajeti yake. Lakini ninaogopa uamuzi unaofanywa na mtu aliyeuona mstari ule tu.

Wiki nzima jengo lile halipumziki. Kuna wapiga zumari za Kiskoti Jumatatu, watoto wa Brownies, wale wasichana wadogo wa Girl Guides, Jumanne, masanduku ya chakula Ijumaa kwa familia zilizoishiwa, baraza la jamii, yaani wakazi wanaousemea mji kwenu, kila mwisho wa mwezi. Kina mama wa SWI, chama cha wanawake cha Scotland, wanakutana Alhamisi, na chama chao si cha jana, kilianzia Longniddry mwaka 1917. Ukihesabu vikundi utapata kumi na kimoja. Sasa hesabu watu. Mweka hazina wa chakula cha wazee ndiye katibu wa baraza la jamii, ndiye anayepanga masanduku Ijumaa, na mumewe ni mmoja wa madereva wa basi dogo la wazee. Nimekaa na daftari za vikundi vyote: kumi na kimoja vinabebwa na watu wasiozidi ishirini, na wengi wao wamepita miaka 70. Wakati barua yenu inasema "vikundi vishirikiane kuuendesha ukumbi", ujue inawaambia watu walewale washirikiane na nafsi zao.

Chukua mfano wa basi hilo dogo. Lina viti 16 na lifti ya kiti cha magurudumu, nalo ndilo linalowatoa wazee mashambani. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 alipewa pamoja nao ruhusa ya kuendesha basi dogo. Sisi tuliofaulu baada ya hapo hatuna. Upo msamaha kwa wanaojitolea, lakini uzito wa gari una kikomo, na basi letu limekivuka. Leseni yangu ya Tanzania ilinifaa miezi 12 tu, kisha nikafanya mtihani hapa kama kila mtu. Kwa hiyo mimi mwenye umri wa miaka 38, mwenye nguvu na nia, nakaa kiti cha nyuma kuwashika mikono wazee, na anayeendesha ana miaka 73. Akifika 70 dereva lazima apimwe afya ndipo abaki na ruhusa ile. Madereva wetu walikuwa watano. Sasa ni wawili. Kunisomesha mimi daraja hilo la leseni kungegharimu fedha ambazo kikundi hakina, na tulipoziomba tulijibiwa kwamba mfuko umefungwa.

Kule kwetu Pangani tunajua kazi ya pamoja. Tunaiita msaragambo. Mwenyekiti anatangaza, watu wanatoka na majembe na mapanga, mfereji unazibuliwa kabla jua halijawa kali. Nimekulia humo na ninajivunia. Lakini nimeona pia maboma. Boma ni darasa au zahanati ambayo wanakijiji wameijenga kwa nguvu zao, wamesomba mawe na mchanga, wamefyatua matofali, wamefika kwenye lenta, wakingoja serikali ilete bati na fundi kama ilivyoahidi. Bati likichelewa, mvua inakula kuta. Nimepita utotoni mwangu mbele ya boma lenye mpapai uliomea ndani, umeshazaa. Walioijenga hawakuwa wavivu. Walifanya sehemu yao yote, ila sehemu ya pili haikuja. Ndiyo maana nikisoma barua inayosifu nguvu za wananchi bila kutaja paa, natafuta bati kwenye kila aya.

Na hapa Scotland mfano mzuri mnao, tena mita chache kutoka ukumbini. RNLI, shirika la mashua za uokoaji, inaokoa watu baharini tangu mwaka 1824, na wanaopanda mashua zake wengi ni watu wa kujitolea. Mara mbili nimeona peja, kile kifaa kidogo cha kuwaita waokoaji, ikilia wakati wa supu: fundi bomba aliyekuja kututengenezea sinki akaacha spana juu ya meza, akakimbia. Tulijua tu kwamba kuna watu majini. Lakini hakuna anayemwambia fundi bomba yule achange fedha za mashua, au akimaliza kuokoa watu akae usiku arekebishe injini. Mavazi anapewa, mafunzo anapewa, na kwenye vituo vya mashua kubwa yupo mekanika anayelipwa mshahara ili mashua iwake siku ikihitajika. Wanaojitolea wanafanya ile kazi ambayo fedha haiwezi kuinunua kwa sababu mtu mwingine analipwa kufanya ile ambayo moyo peke yake hauiwezi. Kwetu mekanika huyo ni mtunza ukumbi. Anajua fyuzi ipi inakatika, anasoma mita, anakagua vizima moto, anasafisha vyoo baada ya sherehe za Jumamosi. Ukimwondoa, kazi zake haziondoki naye. Zinahamia kwa mweka hazina mwenye miaka 71.

Nisieleweke kwamba tunakataa kumiliki. Nyuma ya ukumbi ipo karakana, na humo wanaume wa Men's Shed, kikundi cha wanaume wanaokutana kufanya kazi za ufundi, pamoja nasi wengine tulijenga mashua ya St Ayles kwa majira mawili ya baridi. Ni zile mashua za futi 22, makasia manne na nahodha mmoja, zilizochorwa na Iain Oughtred kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uvuvi la Anstruther, na tangu mwaka 2009 vijiji vya pwani vimekuwa vikijijengea vyenyewe. Babu yangu alikuwa fundi mashua. Nilizoea kumwona akipiga kalafati kwa nyundo ya mti, pamba na mafuta ya papa. Hapa mbao zinapishana kama magamba ya samaki na zinashikana kwa gundi, bila msumari wa kudumu. Nilishika klampu mpaka vidole vikafa ganzi. Siku tulipoishusha majini nililia, na mzee aliyenifundisha kupiga randa alinipa leso yake, imejaa vumbi la mbao. Mashua ile ni yetu na tunaitunza. Tulikabidhiwa mbao nzima na michoro kamili. Hatukukabidhiwa mashua inayovuja tukaambiwa tuna uwezo mkubwa.

Sheria unaijua kuliko mimi, lakini nami nimeisoma. Sheria ya Uwezeshaji Jamii ya Scotland ya mwaka 2015 inatupa haki ya kuomba mali ya umma, nanyi mkatujibu ndani ya miezi sita. Ni haki ya mwenye kuomba. Haikuandikwa iwe fimbo ya kumwambia mtu omba la sivyo tunafunga. Tena ukumbi wetu umo kwenye rejista ya mali za pamoja za mji, zile ambazo sheria ya Bunge la Scotland ya mwaka 1491 iliagiza zitumike kwa manufaa ya mji wenyewe. Miji ilipofutiwa mabaraza yake mwaka 1975 mali hizo zilipita kwenye mikono ya mabaraza makubwa, lakini wajibu ulipita nazo. Kabla ya kuuondoa ukumbi mikononi mwenu au kubadili matumizi yake, sheria hiyo ya 2015 inawataka mtangaze kusudio, mlijulishe baraza la jamii na mzingatie maoni ya wananchi. Tangazo hilo bado hatujaliona.

Ninachoomba ni hiki. Nafasi ya mtunza ukumbi ibaki mpaka siku ambayo kikundi chenye uwezo, si moyo tu, kitakuwa tayari kuipokea pamoja na fedha za kumlipa. Paa litengenezwe kabla ya makabidhiano, na gharama zake ziandikwe wazi ili kila mtu azione. Na kikao cha kujadili jambo hili kihamishwe. Mmekiweka Jumanne saa moja usiku makao makuu ya baraza, na basi la mwisho la kurudi kwetu linaondoka saa mbili na dakika kumi. Wazee watakaoguswa na uamuzi huo hawataweza kufika, na wakifika hawataweza kurudi.

Mimi ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na nimejiandikisha. Mei 2027 nitapiga kura ya baraza kama majirani zangu. Ndugu zangu mnaosoma mkiwa katika miji mingine midogo ya huku, ulizeni ukumbi wenu uko kwenye rejista gani. Na kama mna siku moja ya mapumziko, jiko la ukumbi halina ubaguzi. Cheti cha PVG, kile cha kuthibitisha kwamba mtu anafaa kufanya kazi na watoto au watu wanaohitaji ulinzi, kwa anayejitolea kwenye kikundi kinachostahili hakilipiwi.

Mheshimiwa, tufanyie kikao Jumatano, saa saba na nusu mchana, sahani zikishaoshwa. Viti vipo. Ukifika ukaona mlango umekwama, usidhani tumefunga. Sukuma kwa bega.

Mkazi wako,
mhudumu wa wazee na mpishi wa Jumatano